Kete ya Sitini na Nne

Katika katiba ya chama cha maziko cha mtaa wetu hakuna kifungu cha nane (b). Nilikitunga mimi, katibu, nimesimama kibarazani kwangu na kaunta buku mkononi, ili mwanamke mmoja asipate kuingia chamani. Nilikisoma kabisa kwa sauti ya mtu anayesoma, macho nimeyakaza kwenye ukurasa uliokuwa na hesabu ya sukari na mkaa wa matanga ya mwezi uliopita: mwombaji awe na wadhamini wawili, na kila mdhamini awe ameishi Itetemia si chini ya miaka ishirini.

Alinisikiliza mpaka mwisho. "Haya, mtani," akasema, akajifunga vizuri khanga yake, akaondoka.

Aliniita mtani kwa sababu yeye ni Mzaramo na alidhani mimi ni Mnyamwezi. Sikumsahihisha. Hilo nalo liingie katika ushuhuda huu, maana lilinipendeza.

Mimi ni mzee wa miaka sabini na ushei. Ukatibu nimeushika tangu 2006 na sijala shilingi ya marehemu yeyote. Mwenye kutaka kukagua vitabu aje, nipo. Lakini habari ya kifungu kile nimekaa nayo muda, na kwa kuwa waliohusika wengi wangali hai na baadhi yao wanasoma, ni afadhali waisikie kwangu kuliko kwa mtu mwingine.

Itetemia ni kata ya Manispaa ya Tabora, ila mtu wa hapa akipanda bodaboda kwenda sokoni husema anakwenda mjini, kama vile anavuka mpaka. Tuna sababu ya kujiona. Hapa ni makao ya watemi wa Unyanyembe. Burton alipoingia nchi hii na mwenzake Speke mwezi Novemba 1857, aliandika kwamba Mtemi Fundikira anakaa hapa. Jina la mahali alilipinda katika maandishi yake, lakini ni hapa. Neno Ikulu, ambalo redio hulitaja kila taarifa ya habari, ni neno la huku kwetu, maana yake kwa mtemi. Abdallah Fundikira, aliyekuwa mtemi na baadaye waziri wa sheria wa Tanganyika huru, ni wa ukoo huo. Serikali ilifuta utemi 1963. Sisi tulikuwa watoto wa shule, na wazee wetu waliendelea kuvua kofia wakipita pale pale walipozoea kuvua.

Halafu Tabora ni nchi ya kungoja. Misafara ya kutoka Bagamoyo ilifika hapa ikangoja mvua ziishe, ikangoja wapagazi wapya, ikangoja vita vya Mirambo na Waarabu vitulie ndipo ishike njia ya Ujiji. Livingstone alingoja hapo Kwihara, si mbali nasi, tangu Machi 1872 Stanley alipoagana naye mpaka Agosti, wapagazi wake walipowasili kutoka pwani. Tembe alilokaa watalii huja kulitazama mpaka leo. Reli ilipofika 1912 ikaleta kungoja kwa namna nyingine, na huko ndiko nilikopatia riziki yangu, maana nilikuwa karani wa vifurushi stesheni. Niliajiriwa 1975 reli ikiwa bado ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye Jumuiya ikavunjika, tukabadilishiwa beji, tukaendelea kungoja treni ile ile ya Kigoma. Na katika kila kungoja, wapo waliochoka wakajenga.

Rafiki yangu nitamwita Swahiba, kwa kuwa sikuomba ruhusa ya familia kumtia gazetini. Tulianza darasa la kwanza pamoja 1961, mwaka wa Uhuru, tukakaa dawati moja kwa sababu kwake kulikuwa na kalamu ya risasi na kwetu kulikuwa na wembe wa kuichongea. Yeye Mnyanyembe wa hapa hapa, shamba la ukoo wao linaanzia barabarani na kushuka mpaka mbugani. Shule ilimshinda darasa la saba, akawa fundi baiskeli na mrina asali. Mwezi wa nane na wa tisa hakuonekana; yuko porini kwenye mizinga. Akirudi, ananuka moshi wiki nzima, na mke wake anamlaza sebuleni.

Mwaka wa njaa, 1974, watu wakila unga wa yanga, mama yake alituma kwetu kikapu cha matobolwa kila Ijumaa. Kwa msomaji wa mbali: michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vibichi na kuanikwa, matobolwa huchemshwa kwanza, ndipo yakakatwa yakaanikwa, na wapo wanaosema jina la Tabora limetoka humo. Kikapu kile hakikuwahi kutajwa. Miaka ya themanini sabuni na sukari vilipoadimika, ikawa zamu yangu: magadi wa treni waliniletea chumvi ya Uvinza na mche wa sabuni, nikakata nusu kwa kamba ya katani na kumpelekea. Nao mche ule haukutajwa. Ndivyo tulivyokuwa, kimya kwenye mambo makubwa na kelele kwenye bao.

Bao lake lilikuwa la mninga, zito, mashimo 32 yaliyolainika kwa vidole mpaka yakawa kama yamepakwa mafuta. Kete zake 64 zilikuwa komwe halisi, aliletewa na mpishi wa treni kutoka pwani kwenye kopo la maziwa ya unga. Wengine huku hucheza kwa kokoto. Swahiba alisema kokoto haina adabu, haitelezi. Kila siku baada ya alasiri tulikaa chini ya mwembe wa barabarani, mimi naye na wengine watatu au wanne, na kijiwe kile kikawa ndiyo ofisi ya kila kitu. Chama cha maziko kilizaliwa pale, mwaka ambao tulimzika jirani kwa turubai la kuazima lililovuja.

Mwaka 2018 mpwa wa Swahiba, aliyerithi kipande cha upande wa barabara, alikikata viwanja na kuviuza. Zamani huku kiwanja kiliuzwa kwa hatua za mguu, mashahidi wawili na mwenyekiti wa mtaa, soda mbili, kwisha. Safari hii walikuja wapima. Kijana mmoja alichimbia bikoni ya zege hatua chache kutoka tulipokaa, akatuomba tuinue bao apitishe kamba. Tukaliinua, kila mmoja ameshika ncha yake, polepole, kete zisihame mashimo. Kamba ikapita chini. Mwembe ukabaki upande wa pili.

"Basi tumekuwa wageni wa mtu," Swahiba akasema. Akaketi, akala kete zangu nane.

Nilikasirika mimi. Shamba si langu, mwembe si wangu, aliyeuza si ndugu yangu, lakini aliyekosa usingizi ni mimi. Swahiba aliuliza tu kama mpwa amekula hela yote au ameacha ya mbolea.

Basi wakaanza kuja. Walimu, askari wastaafu, watu wa tumbaku, vijana wa kampuni za simu. Nyumba za bati za msauzi, madirisha ya aluminiamu, geti la chuma lenye tundu la kuchungulia. Mwanzoni mwa 2021 maji ya Ziwa Victoria yakazinduliwa Tabora, mji uliozoea kuhesabu ndoo, na Desemba mwaka huo huo mkataba wa reli ya kisasa kutoka Makutupora mpaka Tabora ukasainiwa. Madalali wakaanza kutembea na kalamu sikioni. Sitaki kusema maji ni mabaya. Mke wangu aliyebeba ndoo miaka arobaini angenifukuza nyumbani. Lakini barabara niliyoizoea, ambayo kutoka kwangu mpaka msikitini ilinichukua robo saa ya kusema "Mwangaluka" na kuulizwa mgongo unaendeleaje, sasa nilikuwa naimaliza kwa dakika tano. Hodi ilikuwa imehamia kwenye simu. Ukitaka kumwona mtu, umpigie kwanza, aje afungue.

Aliyenunua kiwanja chenye mwembe alikuwa nesi mstaafu, Mzaramo wa Kisarawe. Serikali ilimzungusha mikoa mingi, kituo cha mwisho Tabora, akapenda hewa, akachimbia kiinua mgongo chake hapa. Watu wakamwita Mama Nesi. Tulisubiri aukate mwembe. Mafundi wakaja, wakamwaga mchanga na tofali, ukuta ukaanza kupanda kutoka bikoni ya kwanza, ukanyooka vizuri, ulipokaribia mwembe ukakata kona kuingia ndani, ukauzunguka, ukatoka tena ukanyooka mpaka bikoni ya pili. Ukiutazama kutoka barabarani ni kama ukuta umevuta pumzi, umeingiza tumbo. Mwembe ukabaki nje, kwetu, na hatua kadhaa za kiwanja alicholipia.

Mtu mwenye moyo mzuri angesema ahsante. Mimi nilisema, "Mnaona? Anatukimbia. Hataki hata kelele zetu."

Ni baada ya hapo ndipo alipokuja na ada yake mkononi, noti zimekunjwa vizuri, akaomba kuandikwa chamani, nami nikatunga kifungu. Na nilipoona kimefanya kazi, nikakitumia kwa wengine. Mdhamini wa miaka ishirini watampata wapi watu waliohamia juzi? Wa zamani tulikuwa hatuwajui, wa sasa walikuwa hawajuani. Kaunta buku likabaki safi, majina yale yale, mengine yamepigwa mstari kwa sababu ya mauti. Kijiweni nilikuwa na msemo wangu: watu wa kuja watazikana na watu wa kuja. Walicheka. Swahiba hakucheka, lakini nilidhani anawaza mchezo.

Mwaka 2021, wakati wa masika, mwalimu mmoja kijana aliyehamia nyuma ya kwa Mama Nesi alifiwa na mtoto wa miezi minne. Alimtuma mtu kwangu kuomba turubai, majembe na watu wa kuchimba. Nikafungua kitabu, jina halimo. Nikamwambia mjumbe kwamba vyombo vya chama ni vya wanachama, pole sana, na nikarudi kwenye chai yangu. Baadaye nilisikia walichimba watu wanne kwenye mvua. Jioni Swahiba alikuja kwenye bao amechelewa. Akaketi, akaanza kupanga kete, na niliona udongo mwekundu kwenye kucha zake zote kumi. Alikuwa mmoja wa wale wanne. Hakuniambia, sikumuuliza. Tulicheza michezo miwili. Nilishinda yote miwili, na si kawaida.

Hapo ningeweza kugeuka. Sikugeuka. Watu hutoa ushuhuda kama vile nuru iliwashukia siku moja. Mimi niliiona nuru ile, nikavuta pazia.

Swahiba alifariki Agosti 2022, alfajiri, katika msimu wake wa mizinga, safari ambayo kifua kilikuwa kimemzuia kwenda. Mimi ndiye niliyetangaza, mimi ndiye niliyefungua stoo ya vyombo, mimi ndiye niliyehesabu sufuria. Kazi ilinisaidia. Saa tisa mwili ulikuwa umeoshwa na kukafiniwa, jeneza la msikiti limeletwa, wanaume wamejipanga uani, sheikh anatazama saa. Nikatoa ishara waingie kuubeba.

Hawakuingia. Mlangoni, kwenye kizingiti chenyewe, alikuwa amekaa Mama Nesi. Kichwani ana kofia ya Swahiba, miguuni ndala za Swahiba, zile zilizofungwa waya. Mapajani amelikumbatia kopo la maziwa la kete. Akakohoa, na kikohozi kilikuwa cha marehemu, kile cha kukohoa mara mbili na kusubiri cha tatu. Watoto wa Swahiba wakainua vichwa.

"Sitoki," akasema kwa sauti ile ile ya pua. "Nani kawaambia natoka? Nina mchezo sijaumaliza na yule Mmanyema pale mwenye kitabu."

Uani kukapita kitu kama upepo. Mtu akacheka, kisha binti mkubwa wa marehemu akacheka huku machozi yanamtoka, kisha wote. Mimi nilikwenda mbele. Nilimwambia atoke mlangoni, hii si sinema, tuna maiti ndani.

Akanitazama kutoka chini ya ile kofia. "Nitatokaje? Kifungu cha nane (b) kinasema marehemu asiondoke bila wadhamini wawili waliokaa Itetemia miaka ishirini."

Watu wakacheka zaidi. Walidhani ni maneno ya kubuni. Katika uwanja mzima tulikuwa wawili tu tuliojua. Na mara nikatambua kwamba tulikuwa watatu, maana wa tatu alikuwa amelala ndani kwenye sanda. Siku ile ile niliyomfukuza Mama Nesi kwa uongo, alikuwa amekwenda kumuuliza Swahiba, mjumbe wa kamati, kifungu hicho kimepitishwa lini. Naye alijua. Miaka miwili na zaidi alikaa mbele yangu kila alasiri akijua, akapanga kete, akanila, akaniaga.

Nilinyoosha mkono nimwondoe. Ukashikwa. Ni Shangazi, dada mkubwa wa Swahiba, mwenye miaka themanini na kitu, ambaye mtaa mzima unamwita hivyo. "Mwache, mdogo wangu," akasema. "Huyu yuko kwao. Katika hili mgeni ni wewe."

Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi msomaji anaujua. Ulitembea na misafara. Wazee wanaeleza kwamba mpagazi wa Kinyamwezi akifia karibu na pwani, na mzigo wake wa frasila mbili, mtu wa kumfunika udongo alikuwa mtani. Ndiyo maana mtani haombi ruhusa msibani. Anavaa nguo za marehemu, anazuia njia, anadai, anatukana kwa haki, kisha anafanya kazi ambazo wenye msiba mikono yao inawatetemeka kuzifanya. Nililijua hilo kwa kulisikia. Lakini babu yangu hakuniachia utani wowote na pwani, kwa hiyo nilisimama pale, rafiki wa miaka sitini na moja, sina la kudai na sina la kujibu, na mwanamke aliyehamia 2019 akiketi juu ya kizingiti kwa haki ya zamani kuliko nyumba zetu zote.

Shangazi alijadiliana naye bei. Wakaafikiana shilingi elfu tano na jogoo mwekundu. Mama Nesi akavua kofia, akaibusu, akamkabidhi mtoto mdogo wa marehemu, akasimama kando. Tukambeba Swahiba.

Siku tatu zile aliosha sufuria zote. Nilihesabu vyombo jioni, hakikupungua hata kijiko.

Baada ya kisomo cha siku ya tatu nilimkuta Shangazi uani anachambua matobolwa kwenye ungo, anatoa yaliyopata wadudu. Nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Hakuinua macho.

"Babu yako," akasema, "alikuwa na wadhamini wangapi?"

Habari ya babu naijua, ila kwetu ilisimuliwa kwa mkato: alitoka Manyema, Kongo ya leo, akavuka Ziwa Tanganyika, akapita Ujiji, akafika Unyanyembe, akakaa. Kama alikuwa mpagazi wa ujira au mtumwa halikusemwa, na sisi watoto tulifundishwa kutouliza. Shangazi aliniambia kilichokatwa. Babu alifika na msafara wa pembe, begani pembe isiyo yake, mguuni donda limekula mpaka mfupa unaonekana. Msafara ulipoondoka haukumchukua. Walimwacha kando ya njia kama mzigo uliopasuka. Babu yao wa kina Swahiba ndiye aliyemkokota mpaka kwake, akamtibu kwa asali, akamwonyesha pa kujenga. "Hata jina lake hawakulijua mwezi mzima," Shangazi akasema. "Kilugha chenu nani angekielewa? Walimwita Mguu."

Akatupa tobolwa moja bovu kwa kuku. "Swahiba alikuwa anasema: huyu mjukuu wa Mguu siku moja atachoka mwenyewe."

Sikuwa na la kusema. Nilimsaidia kuchambua mpaka magharibi.

Nilikwenda kwa Mama Nesi na kaunta buku. Nilipiga hodi kwa mdomo, si kwa simu, na ilinibidi nipige mara nyingi kwa sababu mageti yale huzuia sauti. Alipofungua nikamwambia nimekuja kumwandika. Akaegemea geti.

"Una wadhamini?"

Nikasema sina.

"Basi subiri. Miaka miwili na miezi mitano si mingi, mtani."

Nikamwambia mimi si mtani wake, mimi ni Mmanyema. Akasema anajua, Swahiba alimwambia siku ile ile, na ananiita hivyo kwa kunionea huruma. Alininywesha chai. Nilimuuliza habari ya ukuta, maana nilikuwa nimeshaandaa maneno mazuri ya kumshukuru kwa kutuachia mwembe. Alinitazama kama mgonjwa aliyekataa dawa. "Mwembe ule unamwaga majani mwaka mzima. Ningekuwa nafagia mimi?"

Kwa mwalimu kijana nilikwenda peke yangu, na yaliyosemwa pale yatabaki pale. Jina lake limo kitabuni, tarehe imeandikwa. Kifungu cha nane (b) nilikisoma mbele ya mkutano mkuu wa chama Januari 2023, nikasema nani alikitunga. Mzee mmoja akauliza kama kilipigiwa kura ili kipigiwe kura ya kufutwa. Ilibidi nieleze mara ya pili. Walitaka kunivua ukatibu, wakakosa mwenye mwandiko.

Sasa tuko kaunta buku la pili. Sitasema kila mtu amekuwa ndugu. Yapo mageti ambayo sijayaona yakifunguliwa mchana, na wapo wazee wenzangu waliouza shamba, hela ikaisha kwa bia na pikipiki, na leo wanawalaumu walionunua. Baadhi ya wapya hutuma mchango kwa simu na msibani hawaonekani, jambo ambalo linanikera mpaka kesho. Lakini turubai linatoka kwa anayeliomba, kitabu ndipo kinafuata.

Mama Nesi alikubali kuandikwa mwaka jana, kwa siku aliyoichagua yeye. Alasiri anatoka getini na kigoda chake, anakaa mahali pa Swahiba. Alifundishwa bao na baba yake huko Kisarawe, anacheza haraka, hana huruma, na anaongea muda wote, mambo ambayo Swahiba asingeyavumilia. Wazee wawili walihama kijiwe kwa sababu mwanamke kakaa kwenye bao. Wakarudi, kivuli kingine hakuna.

Tatizo ni kete. Siku ya maziko, baada ya kulipwa fidia yake, alirudisha lile kopo, na nilipohesabu usiku zilikuwa 63. Nilihesabu mara tatu, mimi ni karani. Nimemdai. Anasema jogoo aliyepewa alikuwa na jicho moja, kwa hiyo deni halijaisha, na tena komwe asili yake ni pwani, hiyo moja imerudi kwao. Ameificha wapi hasemi. Mahali pake tumeweka kokoto. Kila ikifika mkononi mwangu naijua kabla sijaitazama, maana haitelezi.